Nakala ya Jumapili

Sekela Mwaipaja aliisikia diski kabla hajavuka kizingiti. Tak. Kimya. Tak-tak. Ilikuwa kama mtu anayegonga kikombe cha bati kwa ukucha. Katika miaka mitano ya kutengeneza masanduku ya kumbukumbu mjini Tukuyu alikuwa ameisikia sauti hiyo mara nne, na mara zote nne diski haikumaliza siku tatu.

"Imeanza lini?" aliuliza huku akivua buti zenye tope.

"Jumanne," alijibu Ambwene Mwasomola. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, msimamizi wa kituo cha kupokelea majani ya chai na mzee wa kanisa. "Karibu ndani, fundi. Mama Bupe yuko sebuleni."

Mkewe, Tusajigwe, alikuwa ameketi karibu na dirisha, mvua ikipiga kioo. Sekela alimfahamu tangu zamani. Kabla ya homa ya ukungu alikuwa mkunga, na ndiye aliyempokea kitinda mimba wa Sekela, mtoto aliyetanguliza miguu, siku ambayo daktari alikuwa ameshakata tamaa. Kisha homa ikapita wilayani. Ilimwachia Tusajigwe uhai na kumnyang'anya kichwa, kama ilivyowafanyia maelfu ya wenzake: kila akilala, aliamka hana kitu. Kilichomwezesha kuishi kama watu ni kipokezi kidogo nyuma ya sikio, na sanduku la chuma lisilozidi hotpoti kwa ukubwa, lililokaa mezani ubavuni pake. Ndani ya sanduku mlikuwa na diski. Ndani ya diski alikuwamo Tusajigwe mwenyewe.

Sekela aliweka sikio kwenye chuma, akakunja uso. "Hii inakufa. Lazima tuhamishe leo. Na kwa kuwa tunaweka diski mpya, sheria inanitaka nisome njia zote tatu za kunakili mbele ya mgonjwa, kisha wewe mlinzi wake uchague."

"Soma," alisema Ambwene.

"Ya kwanza ni kioo. Diski mbili zinaandikwa pamoja, neno kwa neno. Moja ikifa nyingine inaendelea, lakini kosa likiingia huku linaingia na kule. Ya pili ni nakala ya wiki. Kila Jumapili tunapiga picha nzima ya diski na kuifungia pembeni. Diski ikifa Alhamisi, mgonjwa anarudi alipokuwa Jumapili na siku zilizofuata zinapotea. Ya tatu ni nakala ya kila siku inayokwenda kwenye ghala la Idara ya Kumbukumbu. Hiyo haifutwi wala hairudishwi nyuma bila sahihi ya mgonjwa mwenyewe."

"Ya pili. Kama siku zote."

"Mimi ningependa hiyo ya tatu," alisema Tusajigwe.

Ambwene alimwekea mkono begani. "Mama Bupe, umechoka." Kisha akamgeukia Sekela na kutoa mfukoni mwa koti diski nyembamba iliyofungwa kwenye kitambaa cha flana. "Na wala usihangaike na hiyo inayogonga. Weka mpya, mwaga humo nakala ya Jumapili, yaishe."

Tusajigwe alisimama.

"Dada Sekela, usinirudishe Jumapili. Jana nimeambiwa mwanangu yuko hai."

*

Sekela alichomeka mashine yake ya kusomea kwenye sanduku, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, akafungua rejista ya diski. Kila sanduku lina rejista. Mlinzi akimrudisha mgonjwa nyuma ni lazima aandike sababu, na sanduku huweka tarehe na muhuri lenyewe.

Alitarajia kuona mstari mmoja au miwili. Aliona thelathini na mmoja.

Wa kwanza ulikuwa wa miaka minne iliyopita. *Amejua habari za mtoto. Amejaribu kujidhuru.* Wa pili: *Amejua tena. Hali chakula.* Wa tano: *Analia kazini kwangu.* Baada ya hapo sababu zilianza kupungua uzito. *Amekataa kwenda kanisani. Anauliza sana. Amenuna siku tatu. Amenijibu mbele ya wageni.* Wa thelathini na moja ulikuwa wa jana jioni: *Jirani amemwambia.* Chini yake sanduku lilikuwa limejiandikia: *Imeshindikana. Diski haipokei.*

Ndiyo sababu fundi alikuwa ameitwa.

"Mzee," alisema Sekela, "naomba tuongee jikoni."

Jikoni kulikuwa na joto, sufuria ya kande ikitokota. Ambwene aliegemea ukuta. Hakuonekana mtu aliyefumaniwa. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa amepata pa kukitua.

"Mwaka ule sanduku lilikuja moja kwa kila nyumba," alisema. "Wote wawili walikuwa kitandani, yeye na Bupe. Daktari akaniambia nina mpaka jioni kuchagua. Kipokezi kisipofungwa ndani ya siku zake, hakifungwi tena maisha yote. Mtoto alikuwa na miaka sita."

"Ukamchagua mkeo."

"Mke nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na miwili. Mtoto nilikuwa nimeishi naye sita." Alisema kama anayesoma vipimo vya majani ya chai. "Bupe nikampeleka Lupasyo, kwenye kituo cha watoto wasio na sanduku. Mama yake nikamwambia amekufa. Nilitaka nimwambie ukweli akipata nguvu. Aliujua kabla sijasema, na mimi ndiye niliyemkuta bafuni, fundi, si wewe. Nikamrudisha Jumapili. Asubuhi akafungua macho akaniuliza kama maji ya chai yamechemka. Huwezi kujua utamu wa asubuhi ile."

"Na huyu aliyekujibu mbele ya wageni?"

Ambwene alifunua sufuria, akakoroga, akafunika. "Mara ya kwanza nilitapika. Ya pili nilikuwa nimeshajua kitufe kilipo."

"Umemfanyia mara thelathini."

"Na haumii. Mwulize. Anadhani ni mtu wa homa za mara kwa mara. Namwambia, ulilala siku tatu, mpenzi. Ananishukuru kwa kumuuguza."

"Aliyekuwa analia kazini kwako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Ndicho ninachokuuliza."

"Mlinzi wa diski ni mimi," alisema Ambwene, bado kwa ile sauti ya upole. "Wewe ni fundi. Mwaga nakala ya Jumapili, nikutilie sahihi, uende nyumbani kabla barabara haijaharibika."

*

Sheria ilikuwa upande wa Ambwene, isipokuwa mahali pamoja. Mlinzi aliyemrudisha mgonjwa zaidi ya mara tatu bila cheti cha daktari hupoteza ulinzi wake siku hiyo hiyo rejista inapofika Idarani. Lakini Idara haipokei picha ya rejista wala maneno ya fundi. Inataka rejista yenyewe, na muhuri wake, ikiwa imehamishwa pamoja na diski yake, na nakala ya Jumapili haibebi rejista.

Sekela alirudi sebuleni, akachuchumaa mbele ya Tusajigwe, akamwambia yote. Alisoma mistari thelathini na mmoja kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Ambwene alisimama mlangoni, na hakumkatiza. Labda aliamini kwamba kufika jioni maneno hayo yatakuwa hayajawahi kusemwa.

Tusajigwe alisikiliza akihesabu kwa vidole. "Ile homa ya Pasaka," alisema. "Ile ya mavuno ya ndizi. Ile niliyoamka nywele zangu zimekatwa." Akamtazama mumewe. "Nilikushukuru."

"Ulinishukuru," alisema Ambwene.

"Dada Sekela, chukua ya leo. Chukua yote, mpaka haya unayoniambia sasa hivi."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sekela akamlaza kwenye kochi, akamfunika blanketi, akazima kipokezi. Diski inaponakiliwa mgonjwa hana budi kulala. Hakuna anayejua anaota nini akiwa amelala hivyo, na Sekela hakupenda kufikiria. Aliunganisha diski mpya na ile inayogonga. Mashine ikauliza swali lake la kawaida, ambalo siku nyingine hulijibu huku akinywa chai:

*Anza na za zamani, au anza na za karibuni?*

Hapo vidole vikasimama.

Diski nzima ilihitaji saa kumi na moja, na kwa kugonga kule isingefika. Ingekufa njiani. Jambo la kuamua lilikuwa moja tu, ifie upande gani. Akianza na za zamani angeokoa miaka ya kabla ya homa, ile waliyoifyonza kichwani mwa Tusajigwe siku ya kumfunga kipokezi: utoto wake, wodi ya wazazi, harusi, siku ya kumzaa Bupe, uso wa Bupe. Lakini rejista ilikaa mwisho kabisa pamoja na siku za karibuni, na ingezama. Tusajigwe angeamka anampenda mtoto aliyeamini amekufa, mikononi mwa mlinzi yule yule, na fundi akiwa amepigwa marufuku nyumbani humo. Akianza na za karibuni angeokoa rejista, na haya ya leo, na ukweli. Na mengine yangepatikana kadiri diski itakavyopenda.

Angeweza kumwamsha amwulize. Kila kuwasha na kuzima kungekula robo saa na kuitesa diski zaidi, lakini angeweza. Alimtazama Ambwene, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani na diski ya flana mapajani, akiipapasa kama anayebembeleza paka. Hasira ikampanda Sekela. Akataka rejista ile. Aliitaka kuliko kitu chochote duniani.

Akabonyeza: *za karibuni.*

Asilimia tano. Kumi na mbili. Mvua ilikatika, ikarudi. Ambwene akapakua kande, akamletea sahani, na Sekela akala kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake. Asilimia ishirini na tisa. Kugonga kukawa kwa haraka, tak-tak-tak-tak, kisha kukawa sauti ndefu ya chuma kukwaruza chuma. Saa nane na dakika chache diski ikanyamaza. Sekela aliipoza, akaigeuza, akaijaribu mara sita. Haikuzunguka tena.

Asilimia thelathini na nane.

Ambwene aliisoma namba kwenye kioo cha mashine. "Hiyo ni miaka mingapi?" aliuliza.

"Karibu miwili. Siku za sanduku ni nzito kuliko miaka ile iliyofyonzwa."

"Miwili ya nyuma kuanzia leo." Alitikisa kichwa taratibu. "Umemuua Mama Bupe, fundi."

*

Rejista ilifika Idarani kabla hawajamwasha. Jibu lilirudi kwa mistari miwili: ulinzi wa Ambwene Mwasomola umekoma, mgonjwa achague mwenyewe.

Tusajigwe alifumbua macho, akaangalia dari. Alijua nyumba. Alijua mvua, dirisha, kochi. Alipomwona Ambwene uso ukakaza, na alipomwona Sekela ukalegea kidogo.

"Mistari thelathini na mmoja," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Bupe yuko Lupasyo."

"Ndiyo."

Macho yake yakaenda huku na huku kama ya mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. "Nakumbuka kulia," alisema. "Nakumbuka nilikuwa nakaa bafuni na kufungua bomba nisisikike. Simkumbuki niliyekuwa namlilia. Alikuwa anafananaje?"

Sekela akamweleza. Alimweleza kuhusu diski iliyokufa, namba, na lile swali la mashine. Hakuficha kitu. Akamalizia na kitufe alichobonyeza.

"Ulibonyeza wewe."

"Nilitaka uwe huru. Bila rejista angeendelea kukurudisha."

"Nilikuwa nimelala hapa, hatua mbili kutoka ulipokaa," alisema Tusajigwe. "Uliniuliza?"

Sekela aliitazama diski iliyokufa.

"Na yeye hakuniuliza." Hakuinua sauti. "Mara thelathini yeye, na mara moja wewe."

Ambwene akasogea, akapiga magoti kwenye zulia, akafungua kitambaa cha flana. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli. "Mke wangu, tazama. Humu ndani uko mzima. Humu umo na mama yako, na shule ya ukunga, na siku ile kule Mwakaleli tulipolowa wote wawili. Bupe umo naye humu, tangu tumboni. Mwambie fundi aimwage. Ukiendelea hivyo ulivyo, wewe si mtu. Ni miaka miwili na chuki."

Sekela alilazimika kusema, kwa kuwa ilikuwa kweli: "Inawezekana, dada. Ukitaka nitairudisha, kisha kesho nitakuja nikuambie upya kila kitu. Mlinzi si yeye tena."

"Kuziunganisha je? Hii na ile?"

"Ubongo haupokei nakala mbili. Waliojaribiwa hawakuamka. Ni hii au ile."

"Nikichagua ile, mimi huyu ninayeongea na ninyi?"

"Hutakuwapo."

"Kama wale thelathini."

"Kama wale."

Tusajigwe aliichukua diski kutoka mikononi mwa Ambwene. Akaigeuza. Ilikuwa nyepesi. Sekela aliona jinsi alivyoishika, kwa ncha za vidole, na akafikiri ataivunja. Hakuivunja.

"Aliyemo humu," alimwuliza Ambwene, "anakupenda?"

"Sana."

"Anajua ulilomfanyia?"

Ambwene alianza kukunja kitambaa cha flana.

Tusajigwe akamrudishia, akamkunjia vidole juu yake mpaka ikashikika vizuri. "Basi kaa naye," alisema.

Kisha akaichukua fomu, akaweka alama kwenye njia ya tatu, akatia sahihi. Aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, akilisoma kutoka kwenye kichwa cha fomu.

*

Walifika Lupasyo Jumamosi asubuhi, ng'ambo ya mlima, kwenye pikipiki ya Sekela, sanduku likiwa kwenye begi mgongoni mwa Tusajigwe. Mlezi wa kituo, mama mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, aliwapitisha uani ambako watoto kumi hivi walikuwa wanaosha vyombo vya uji. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kitambaa kilichoshonwa kifuani, kimeandikwa jina.

"Tunawasomea kila wakiamka," alieleza mlezi. "Jina, umri, na kwamba wako mahali salama. Kufika saa tatu wanakuwa wamezoea. Bupe wenu ni yule mrefu."

Msichana wa miaka kumi na mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye beseni. Alikuwa amerithi urefu wa baba yake. Kama alikuwa amerithi kitu cha mama yake, Tusajigwe hakuweza kukijua, kwa kuwa hata uso wake mwenyewe aliukumbuka kwa vioo vya miaka miwili tu.

"Shikamoo," alisema mtoto.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

Mtoto akainamisha kidevu, akasoma kifua chake kichwa chini miguu juu. "Bupe."

"Wameniambia mimi ni mama yako."

Bupe alimchunguza kwa heshima, kama anavyochunguzwa mgeni aliyeletwa na mwalimu. "Unanijua?"

"Hapana."

"Na mimi sikujui," alisema mtoto, na ilionekana jambo hilo limempunguzia wasiwasi. "Hapa hakuna anayemjua mtu. Mama mlezi tu." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Tusajigwe alisimama pale dakika nyingi. Sekela, nyuma yake, aliona mabega yakijaribu. Yalipanda, yakakaza, yakangoja kitu kije. Hakikuja. Hatimaye mwanamke yule aligeuka, macho makavu.

"Ungeanza na za zamani," alisema, "leo ningekuwa nimelala chini hapa nalia mpaka watu wanishike."

"Ungekuwa huko nyumbani, dada. Usingefika hapa kabisa."

"Labda. Labda ningefika kwa njia nyingine. Sasa hatutajua." Alivua begi, akaliweka juu ya benchi kavu mbali na maji. "Nimejaribu kumpenda tangu nilipomwona. Ni mtoto mzuri. Anaosha vizuri. Zaidi ya hapo sina."

"Itakuja. Kila siku utaandika mpya."

"Mimi nitaandika. Yeye kila asubuhi ataanza moja."

"Naweza kuja Jumamosi nyingine. Nikuletee vitu, nikague sanduku…"

"Usije." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma Sekela zaidi. "Kati ya watu wote niliobaki nao kichwani, Sekela, nyuso zilizokaa vizuri ni mbili. Wa Ambwene na wako. Nakukumbuka wewe kuliko ninavyomkumbuka mwanangu. Kila ukija utazidi kujaa, na nafasi ninaitaka kwa mwingine. Nenda tu. Sanduku ataliona fundi wa huku."

Sekela alitaka kumwambia kuhusu mtoto aliyetanguliza miguu, ambaye sasa alikuwa darasa la pili na alikuwa hai kwa mikono ile ile. Alifungua mdomo. Halafu akaelewa kwamba ingekuwa zawadi kwake yeye mwenyewe, si kwa aliyeambiwa, akaufunga.

Alitembea mpaka kwenye pikipiki, akavaa kofia ngumu, akakaa bila kuwasha. Kupitia uwazi wa lango aliweza kuona uani. Tusajigwe alikuwa amekunja mikono ya sweta. Alichukua kitambaa kikavu kwenye kamba, akasogea ubavuni mwa yule msichana, akapokea sahani ya kwanza, akaifuta, akaiweka. Akapokea ya pili.

Msichana alisema kitu. Tusajigwe akamjibu. Kutoka pale barabarani Sekela hakuweza kusikia ni nini, na hakuwa na ruhusa ya kukaribia.